Mama Halo, Sauti ya Ofisi Sita, Aambiwa Anyamaze

Saa mbili na robo asubuhi. Simu iliyofungwa kitambaa cha kijani inaita, na mkono wa Mama Halo unaifuata kabla mwenyewe hajakumbuka. Unafika nusu ya meza, unasita, kisha unarudi mapajani.

Binti yake, aliyekaa kiti cha pembeni, ndiye anayeichukua. Anasafisha koo, anaweka tabasamu usoni kana kwamba anayepiga anamwona, halafu anasema: "Pampu na Visima, habari ya asubuhi. Tukusaidie nini?"

Mama Halo anatikisa kichwa. Tabasamu limezidi. Wateja wa pampu hupiga wakiwa hawana maji, na mtu asiye na maji hapendi kuchekewa. Angekuwa na ruhusa angemwambia hivyo kwa sauti ya chini, akaendelea na kazi. Hana ruhusa. Anachukua chaki na kuandika kwenye ubao mdogo wa shule aliouweka magotini: "Punguza meno."

Binti anasoma, anavuta midomo, na mteja wa pampu anapata sauti nyingine kabisa, ya mtu mwenye huruma na haraka. Anachukua jina la mtaa, anauliza pampu ilianza lini kukoroma, na anaahidi kwamba fundi atapiga kabla ya adhuhuri. Mama Halo anafumba macho kusikiliza. Hiyo ilikuwa nzuri, lakini hata sifa inataka chaki, na chaki imebaki kidogo.

Ni wiki ya tatu sasa tangu mwanamke huyu, ambaye sauti yake ndiyo iliyolisha nyumba hii kwa miaka kumi na minne, aamriwe na daktari asiseme neno lolote. Hata kunong'ona amekatazwa. Kwa mujibu wa daktari, kunong'ona kunaziumiza nyuzi za sauti zaidi ya kupiga kelele. Zimeota vinundu. Akinyamaza wiki sita, huenda vikanywea vyenyewe. Visiponywea, ni kisu, na baada ya kisu hakuna anayeweza kumwahidi atatoka na sauti gani.

Majirani walimpachika jina la Mama Halo kwa sababu ya simu, na jina likamganda hadi mumewe akalichukua. Chumba chake cha kazi ni sehemu ya nyumba yao, nyuma ya duka la vipuri, mlango wa pili baada ya bomba. Dirisha limezibwa kwa godoro kuukuu ili sauti za mtaani zisiingie. Chini ya mlango kuna kipande cha mpira wa tairi kwa sababu hiyo hiyo. Mezani simu zimepangwa mstari mmoja, kila moja na kitambaa cha rangi yake: ya fundi pampu, ya mwenye malori ya kuhamisha vyombo, ya mchongaji meno bandia, ya karakana ya majeneza, ya duka la uchapaji. Ya sita ilikuwa ya fundi vioo. Pale ilipokaa pamebaki alama tu kwenye vumbi.

Kwa anayepiga, kila simu ni ofisi yenye meza, dada wa mapokezi na pengine ua kwenye chungu. Ukweli ni kwamba wengi wa mafundi hawa hawana hata kiti cha kumkaribishia mgeni. Mteja akimuulizia meneja, Mama Halo humwambia, "Subiri kidogo nimwangalie kama yupo mezani." Anaziba simu kwa kiganja, anautazama ukuta kwa pumzi mbili tatu, kisha anarudi: "Samahani, ametoka kikazi, atakupigia." Meneja wakati huo yumo kisimani, amezama hadi kiunoni.

"Mteja mmoja alishukuru mno alivyohudumiwa," anasimulia fundi pampu, mwanamume mnene anayecheka kwa mabega. "Akaleta zawadi kwa dada wa mapokezi. Akafika kwangu anatafuta ofisi, akamkuta mke wangu anafua. Mke wangu akaipokea. Mpaka leo Mama Halo ananidai zawadi yake, na mke wangu ananidai maelezo ya huyo dada."

Kazi hii Mama Halo hakuisomea wala hakuiona mahali. Aliizua siku unga ulipomwagika.

Alikuwa mpokezi wa duka la uchapaji kwa miaka tisa. Wachapaji wale hutengeneza kadi, mabango na vitabu vya risiti. Kodi ilipopanda, mwenye duka akarudisha chumba cha mbele kwa mwenye nyumba, na pamoja na chumba ikaenda meza, na pamoja na meza akaenda aliyekuwa anaikalia. Bosi alimwita nyuma, kwenye mashine, akamweleza kwa upole kwamba hana namna.

"Hakulia," anakumbuka mwenye duka. "Aliniuliza kitu kimoja tu. Aliniuliza, 'Bosi, sasa simu atapokea nani?' Nikamwambia nitapokea mwenyewe. Akanitazama. Mikono yangu ilikuwa imejaa wino mpaka kwenye viwiko. Akasema, 'Nipe niende nayo nyumbani.'"

Alikwenda nayo. Mwezi ulipoisha, mwenye duka akapiga hesabu na kugundua kwamba kupokelewa simu sasa kunamgharimu robo ya alivyokuwa akilipa zamani, ukichanganya mshahara, chumba, umeme na chai. "Na zilipokelewa vizuri kuliko alipokuwa hapa," anasema. "Hilo sikuwahi kumwambia. Angeniomba nyongeza."

Badala yake aliwaambia marafiki zake, na simu zikaanza kuja moja moja. Anacholipwa na ofisi moja hakinunui hata kiti cha ofisi. Zilipofika sita, jumla yake ilipita kidogo mshahara wake wa zamani. Mumewe ni fundi viatu, na viatu vina misimu. Kuna miezi watu wanavivaa hivyo hivyo, vikiwa vimechanua. Karo za watoto watatu, bati la chumba cha pili na matibabu ya mama mkwe hadi alipofariki vilitoka kwenye "Halo" ya mwanamke mmoja.

Si kwamba hakukosea. Mwaka wa kwanza, kabla ya vitambaa, simu zilifanana zote. Asubuhi moja alishika ya majeneza akidhani ni ya malori, akaipokea kwa maneno ambayo mwenye malori alimtaka ayaseme kila mara: "Karibu, tutakufikisha salama wewe na vyote vyako." Upande wa pili mzee mmoja akasema taratibu, "Amina, mwanangu. Ni mke wangu." Jioni ile Mama Halo alikata khanga zake kuukuu akapata vitambaa sita, na hakukosea tena.

Kosa kubwa lilikuwa kwingine, na halikuonekana kwa sababu lilikuwa kimya.

Mwenye duka la uchapaji alitoa sharti moja, na waliomfuata wakalirithi: mteja asijue kwamba simu inapokelewa nyumbani. "Akisikia mtoto analia, ataniuliza kama ofisi yangu ni jikoni," alisema. Kwa hiyo nyumba ikafundishwa kunyamaza. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, mwenye kusema alikuwa mama peke yake. Baba alihamishia nyundo yake ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza cha kinyozi, na yuko huko hadi leo. Kuku waliuzwa. Watoto wakaanza kuzungumza kwa mikono.

Majirani walizijua alama zao na kuzifanyia utani. Kiganja tumboni ni njaa. Kuvuta sikio ni kwamba mlangoni kuna mgeni. Vidole viwili vikitembea hewani ni kuomba ruhusa ya kwenda kucheza. Na mama alikuwa na yake moja, aliyoitumia kuliko zote: kidole cha shahada kimesimama wima, maana yake subiri.

"Watu walituonea fahari," anasema mumewe, ambaye ameacha kiatu cha mtu kwenye kigoda ili aje kuzungumza. "Walisema watoto wenu wana adabu, hawapigi kelele. Na mimi nikavimba kichwa. Nilikuwa nikijisifu kwa wateja."

Sauti ilianza kukwaruza mwaka jana. Wateja walimpa pole ya mafua. Akanywa asali, akanywa maji ya moto, akajikaza kisabuni kwa miezi. Siku moja akizungumza na familia iliyofiwa, akiwa katikati ya kuuliza kimo cha marehemu, sauti ikakatika. Alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Wafiwa wakadhani wamekatiwa simu kwa makusudi.

Baada ya kutoka kwa daktari alizunguka kwa wateja wake wote sita, mumewe akimsemea. Fundi viatu si mtu wa maneno, na zoezi lile lilimtoa kijasho chembamba. Fundi vioo alichukua simu yake siku hiyo hiyo, akisema biashara yake haiwezi kungoja koo la mtu. Wengine walikubali mtu mwingine ashike kwa muda. Mwenye duka la uchapaji alikubali pia, ila kwa sharti: wiki sita zikiisha asikie sauti ileile. Ana mteja mmoja mkubwa, shule inayochapisha vitabu vyake kwake kila mwaka, na mkuu wa shule hiyo hajawahi kuzungumza na mtu mwingine zaidi ya "yule dada yenu." Mchapaji akiondoka, wengine watamfuata kama walivyomfuata kuja. Nyumba hii nzima inajua hivyo.

Binti ndiye mkubwa kati ya watoto, ana miaka ishirini na mitatu. Wadogo zake wako shule ya bweni. Yeye anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka upande wa pili wa mji, na ameomba likizo isiyo na malipo kuja kumshikia mama yake. Alipofika na begi lake alisema jambo moja mlangoni: anakaa mpaka siku ya mama kurudi kwa daktari, si siku moja zaidi.

Ana sauti ya mama yake. Wateja wengi hawajatambua tofauti. Mama Halo anapomsikia akisema "subiri kidogo nimwangalie kama yupo mezani," anasisimka, kwa sababu ni yeye kabisa, hadi ile pumzi kabla ya neno la mwisho. Hakumfundisha. Anajiuliza aliyashika wapi yote haya, kisha anakumbuka kwamba mtoto huyu alikua nyuma ya mlango huu.

Simu zinapotulia karibu na saa tano, mwandishi wa makala haya anamuuliza binti kwa nini, katika kazi zote, alichagua mashine ya kusaga. Ni swali la kupitisha muda tu.

"Kelele," anajibu. "Pale ukinong'ona hakuna anayekusikia. Lazima upige kelele ndipo mtu akupe gunia. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani koo linauma, nikafurahi."

Anacheka kidogo, halafu anaacha. Mama yake anamtazama.

"Wewe unaona kama ni utani," anaendelea, na sasa hamwambii mwandishi. "Mama, unakumbuka nilivyovunjika mkono?"

Mama Halo anaitikia kwa kichwa. Anakumbuka. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja, alianguka kutoka ukuta wa bafu la nje. Anakumbuka alivyogeuka kwenye kiti akamkuta mlangoni, mkono umepinda pasipo kiungo, na alivyombeba mbio hadi zahanati akiwa peku. Hadithi hiyo imeshasimuliwa mara nyingi katika ukoo, na siku zote ni hadithi ya mama aliyekimbia peku.

"Nilikuwa nimesimama pale muda mrefu," anasema binti. "Ulikuwa na mtu wa malori. Ulikuwa unamhesabia makabati. Uliniona kwa kona ya jicho ukaninyooshea kidole, subiri. Nikasubiri. Nilikuwa nalia, lakini nilikuwa nimeshajifunza kulia bila sauti, sote watatu tulikuwa tunajua. Ulimaliza makabati, ukaja kwenye vitanda. Nikaona nikitoa sauti utapoteza kazi, tutakosa chakula, na itakuwa mimi."

Kinywa cha Mama Halo kinafunguka. Kuna pumzi inayopanda, kuna neno linalokuja, yeyote aliyemo chumbani analiona linavyokuja. Na binti anawahi. Ananyoosha kidole cha shahada, wima, mbele ya uso wa mama yake.

"Usiseme," anamwambia. "Utaharibu wiki tatu zote. Nyamaza tu unisikilize."

Mama Halo ananyamaza. Hana njia nyingine. Kwa miaka kumi na minne yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kusema katika chumba hiki, na sasa amekaa na ubao magotini, machozi yanamtoka yakishuka hadi kwenye kola, naye hathubutu hata kupenga kamasi kwa nguvu. Inauma kumtazama.

Hapo simu inaita. Ni kitambaa cheusi, majeneza. Binti anaitazama na hainyanyui. Inaita hadi inakata. Kwa baba, aliyekaa karibu na mlango, hilo ni jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba hii. Anasimama, anakaa, anasimama tena. Inapoita mara ya pili anavuka chumba kwa hatua za mtu anayekwenda kuua nyoka na kuishika kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo," anasema kwa sauti nzito iliyozoea barabara. "Hapa ni kwenye majeneza. Ndiyo. Ndiyo. Pole sana. Hapana, mimi si mwenyewe, mimi ni wa viatu, lakini nakusikiliza. Pole sana, ndugu yangu. Ni mtoto au mtu mzima?"

Anasikiliza kwa muda. Anarudia pole. Anachukua maagizo yote kichwani, kimo, siku, mahali pa kupeleka, kisha anaomba aelezwe tena polepole ili asikosee jambo la mtu. Anapoweka simu chini, jasho limelowesha mgongo wa shati.

"Ameshukuru," anasema, kama mtu asiyeamini. "Amesema leo amepiga sehemu tatu, na kote wamemjibu kama mashine."

Hakuna anayecheka, ingawa siku nyingine wangecheka.

Mama Halo anachukua chaki. Anaandika, anafuta kwa kiganja, anaandika tena. Ubao ni mdogo, kwa hiyo herufi zinagongana. Mwishowe anaugeuza kwa binti yake: "Sikujua ulikuwa umeumia. Nilidhani njaa."

"Najua hukujua," anajibu binti. Sauti yake imeshuka. "Tulikuwa na alama ya njaa. Ya mgeni. Ya kwenda kucheza. Ya kuumia hatukuwa nayo, mama. Ningekwambiaje?"

Wanakaa hivyo, meza kati yao. Baba anatoka nje taratibu, akidai kwamba mwenye kiatu atakuwa anamtafuta, na kwa mara ya kwanza anauacha mlango wazi. Kelele za barabarani zinaingia: honi, mtu anayeita wateja wa mitumba, spana ikiangukia sakafu dukani. Mama Halo anainuka nusu kwenda kuufunga, kisha anakaa.

Baada ya muda anamwandikia mwandishi mambo aliyoyaamua, ubao mmoja baada ya mwingine, na binti anayasoma kwa sauti. Zitakapoisha wiki tatu zilizobaki hatapokea simu zote peke yake tena. Mumewe atashika majeneza, kama mwenye karakana ataridhia, kwa sababu Mama Halo ameisikia sauti yake leo na hakuna anayeweza kuipita kwa wafiwa. Yeye atabaki na mbili, labda tatu. Shule zikifungwa kwa likizo, simu zitaanza saa tatu, si saa mbili, na wanaopiga wataambiwa ukweli: kwamba dada wa mapokezi yuko nyumbani kwake, na nyumbani kuna watu.

"Fundi vioo aliondoka kwa pungufu ya hilo," binti anasema akiwa ameushika ubao. "Mwenye uchapaji atakubali?"

Mama Halo anainua mabega. Hajui. Huenda akabaki na simu tatu, huenda akabaki na mbili, na karo za wale wawili wa bweni hazimngoji mtu. Woga umemkaa usoni, wala hajaribu kuuficha.

Kuna jambo jingine. Daktari amesema sauti ikirudi, isirudishwe kazini yote kwa mkupuo. Wiki ya kwanza ataruhusiwa kusema kwa dakika tano tu kwa siku, zikipita tano ni kufunga kinywa. Mwenye duka la uchapaji amepata habari hizo na ameshatuma ujumbe: dakika tano za kwanza, tafadhali, azitumie kumpigia mkuu wa shule, atulie kabla ya msimu wa vitabu. Ni ombi la haki, na lina mkate wa nyumba hii ndani yake.

Mwandishi anamuuliza amejibu nini.

Anaandika neno moja: "Atasubiri." Halafu, chini yake, kwa herufi ndogo kwa sababu nafasi imekwisha, anaandika kwamba dakika za siku ya kwanza ni za binti yake, na kwamba hajui aanzie wapi.

Binti anaisoma kimoyomoyo. Anaisoma tena. Simu ya kijani inaanza kuita, na safari hii anaiacha kidogo.

"Tano hazitoshi," anamwambia mama yake. "Nitawaambia wa mashine waniongeze likizo. Siku ya kwanza usihangaike kutafuta maneno makubwa. Niulize tu kama mkono uliuma."